Kipindi na Marudio: Geuza Kizio Kwanza, Ndipo Upindue

Utangulizi

Niliporejea nyumbani kutoka masomoni Amerika Kaskazini, miongoni mwa vitu nilivyokuja navyo ilikuwamo saa kuukuu ya mezani iendayo kwa umeme. Haikuwa na betri. Ndani yake mlikuwa na mota ndogo iliyofuata mwendo wa umeme wa ukutani. Nilifahamu kwamba umeme wa kule ni wa volti 120 na wa kwetu Tanzania ni wa volti 230. Kwa hiyo nilitafuta transfoma ya kushushia volti, nikaiunganisha saa yangu, nayo ikaanza kwenda. Niliitega saa 2 kamili asubuhi. Ilipotimu saa 8 kamili mchana kwa saa ya mkononi, ile ya mezani ilionyesha saa 7 kamili. Niliipeleka kwa fundi. Fundi aliifungua, akaitazama kwa makini, akanirudishia na kuniambia kwamba haina ubovu wowote. Alisema kweli. Ubovu ulikuwa katika hesabu ambayo mimi, mwalimu wa fizikia, sikuifanya.

Saa hiyo tutairudia baadaye. Makala haya yanahusu hesabu yenyewe, yaani jinsi ya kukokotoa marudio ya mwendo wowote unaojirudia tunapojua muda wa mrudio mmoja. Kanuni yake ni fupi mno, na mwanafunzi huihifadhi kwa dakika moja. Hata hivyo, wanaosahihisha karatasi za mtihani wanajua kwamba wengi walioihifadhi kanuni hiyo hutoa majibu yaliyokosewa mara 1,000, au hata mara 1,000,000, kwa sababu ya kizio kimoja kilichopuuzwa. Mtu anayekosea mara 1,000 katika urefu wa chumba cha mita 5 huwa amesema kwamba chumba hicho kina urefu wa kilometa 5. Hakuna awezaye kutamka hivyo bila kushtuka. Katika sekunde na hezi hatushtuki, kwa kuwa hatujazoea kuzihisi. Lengo la makala haya ni kumfikisha msomaji mahali ambapo atashtuka.

1. Maana ya maneno

Mwendo unaojirudia ni mwendo ambao baada ya muda maalumu hurejea katika hali ile ile uliyoanza nayo. Pembea ya watoto, uzi wa zeze uliochapwa, moyo unaodunda, maji ya bahari yanayojaa na kupwa, na umeme wa majumbani unaobadili mwelekeo wake, vyote hivi ni mifano ya mwendo huo. Kitu kinapokwenda huku na huko tutauita mwendo wake mpembeo.

Mpembeo mmoja kamili sharti uelezwe kwa uangalifu, maana makosa mengi huanzia hapa. Tuchukue jiwe lililoning'inizwa kwa uzi. Tukiliachia kutoka upande wa kushoto, huenda mpaka upande wa kulia, kisha hurudi kushoto. Hapo ndipo mpembeo mmoja umekamilika. Safari ya kutoka kushoto hadi kulia ni nusu tu ya mpembeo. Vilevile, anayehesabu kila mara jiwe linapopita katikati atahesabu mara mbili katika kila mpembeo, kwani jiwe hupita katikati likienda na hupita tena likirudi. Yafaa ahesabu mara linapopita katikati likielekea upande ule ule.

Kipindi ni muda wa mpembeo mmoja kamili. Mwanafunzi asikichanganye na kipindi cha darasani, ingawa vyote viwili ni muda wenye mwanzo na mwisho. Alama yake ni T, na kizio chake cha kimataifa ni sekunde (s).

Marudio ni idadi ya mipembeo kamili katika sekunde 1. Watu wa redio huyaita masafa. Alama yake ni f, na kizio chake ni hezi (Hz). Hezi 1 ni mpembeo 1 kwa sekunde. Zamani wataalamu waliandika tu "mizunguko kwa sekunde". Jina la hezi lilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani mwaka 1960, kwa heshima ya Heinrich Hertz (1857–1894), mwanafizikia Mjerumani aliyethibitisha kwa majaribio kuwako kwa mawimbi ya sumakuumeme. Jina hilo jipya lina hasara moja kwa mwanafunzi, nayo ni kwamba linaificha sekunde. Katika maneno "mizunguko kwa sekunde" sekunde inaonekana wazi. Katika neno "hezi" haionekani. Mwanafunzi na akumbuke daima kwamba ndani ya kila hezi mna sekunde, wala hamna dakika, saa au milisekunde.

2. Kanuni

Iwapo mpembeo mmoja unachukua nusu sekunde, basi katika sekunde 1 mtakuwa na mipembeo 2. Iwapo unachukua sehemu ya kumi ya sekunde, mtakuwa na mipembeo 10. Iwapo unachukua sekunde 4, basi katika sekunde 1 hutimia robo tu ya mpembeo. Kwa ufupi:

f = 1 ÷ T, na kadhalika T = 1 ÷ f.

Kipindi na marudio, kwa hiyo, si habari mbili. Ni habari moja iliyoandikwa kwa namna mbili, moja ikiwa imepinduliwa. Kipindi kirefu huleta marudio machache, na kipindi kifupi huleta marudio mengi. Sentensi hii fupi ndiyo mlinzi wa kwanza dhidi ya makosa. Mwanafunzi akipata kwamba kitu kinachotetemeka upesi kuliko jicho linavyoweza kufuata kina marudio ya chini ya 1 Hz, hana budi kusimama na kuitazama upya kazi yake.

3. Jaribio la jiwe na uzi

Jaribio hili halihitaji maabara. Funga jiwe dogo kwenye uzi, uning'inize uzi huo kwenye msumari, na upime mita 1 kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe. Livute jiwe kando kidogo tu, uliachie, na upime muda wa mipembeo 20. Kwa nini 20, na si 1? Ni kwa sababu kidole kinachobonyeza saa huchelewa au huwahi kidogo. Tukikadiria kosa hilo kuwa sekunde 0.2, basi katika mpembeo mmoja wa sekunde 2 hivi ni kosa la sehemu moja ya kumi. Likigawanywa katika mipembeo 20, kosa la kila mpembeo ni sekunde 0.01 tu.

Katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta, muda wa mipembeo 20 ya uzi wa mita 1 utakuwa karibu na sekunde 40.2. Basi:

T = 40.2 s ÷ 20 = 2.01 s
f = 1 ÷ 2.01 s = 0.498 Hz

Ukifupisha uzi hadi sentimeta 25, yaani robo ya urefu wa kwanza, kipindi kitapungua hadi karibu sekunde 1.00, nayo marudio yatafikia karibu 1 Hz. Urefu umepungua mara nne, lakini kipindi kimepungua mara mbili tu.

Hapa pana mtego wa kwanza wa vizio. Tuseme mwanafunzi amepima mipembeo 50 kwa saa ya simu, nayo ikaonyesha 1:40.5. Maana yake ni dakika 1 na sekunde 40.5, yaani sekunde 100.5, na kipindi ni 100.5 ÷ 50 = 2.01 s kama awali. Lakini wako wanaosoma 1:40.5 kana kwamba ni dakika 1.405. Wakiizidisha kwa 60 hupata sekunde 84.3, na kipindi cha sekunde 1.69. Nukta mbili si nukta ya desimali. Dakika moja ina sekunde 60, haina sekunde 100. Kwa hiyo dakika na sekunde sharti zigeuzwe kuwa sekunde tupu kabla ya hesabu yoyote nyingine.

Mwalimu aweza kuwaambia wanafunzi kwamba tofauti ndogo sana katika kipindi imewahi kubadili ujuzi wa wanadamu juu ya Dunia. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta. Aligundua kwamba saa ya pendulamu iliyokwenda sawasawa Paris ilichelewa kule kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku. Dakika mbili na nusu ni sekunde 150, na siku nzima ina sekunde 86,400. Kwa hiyo kipindi cha pendulamu kilikuwa kimeongezeka kwa kiasi cha sehemu 2 katika kila 1,000. Isaac Newton aliitumia habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1687 kuonyesha kwamba nguvu ya mvutano wa Dunia ni pungufu kidogo karibu na Ikweta. Dar es Salaam nayo iko karibu na Ikweta kama Cayenne, na saa ya pendulamu iliyorekebishwa Paris ingechelewa hapa kwa kiasi cha dakika mbili kwa siku.

4. Vizio vidogo na kiambishi kinachopinduka

Vitu vingi vyenye manufaa hutetemeka upesi mno, hata sekunde huwa kizio kikubwa kupita kiasi. Ndipo hutumiwa milisekunde (ms), mikrosekunde (µs) na nanosekunde (ns).

Chukua mfano huu, unaofanana na maswali mengi ya mitihani. Kioo cha osiloskopu, chombo kinachochora picha ya mawimbi ya umeme, kimegawanywa katika miraba. Kila mraba kwa upana ni milisekunde 5, na wimbi moja kamili la umeme wa nyumbani limechukua miraba 4. Tafuta marudio.

Kipindi ni 4 × 5 ms = 20 ms. Kufikia hapa wanafunzi wote wako pamoja. Kisha njia zinaachana, na twaweza kuwaona wanafunzi wa aina tatu.

Wa kwanza anaandika: f = 1 ÷ 20 = 0.05 Hz. Ameisahau milisekunde.

Wa pili anakumbuka kwamba milisekunde hugeuzwa kuwa sekunde kwa kugawanya kwa 1,000. Lakini anakumbuka kwa kuchelewa, baada ya kwisha kupindua. Anachukua 0.05 yake, anaigawanya kwa 1,000, na kupata 0.00005 Hz. Huyu amefanya bidii zaidi ya mwenzake, na bidii hiyo imemtupa mbali zaidi na ukweli.

Wa tatu anageuza kwanza: 20 ms = 20 ÷ 1,000 s = 0.02 s. Kisha anapindua: f = 1 ÷ 0.02 s = 50 Hz. Hili ndilo jibu.

Tuyapime majibu hayo kwa akili ya kawaida. Kama umeme wetu ungekuwa wa 0.05 Hz, wimbi moja lingechukua sekunde 20. Balbu ya waya hung'aa kwa nguvu mara mbili katika kila wimbi, mara moja umeme unapokwenda na mara moja unaporudi. Basi balbu hiyo ingewaka na kufifia kila baada ya sekunde 10, nasi tungekaa sebuleni tukiingoja. Na kama marudio yangekuwa 0.00005 Hz, wimbi moja lingechukua sekunde 20,000, yaani zaidi ya saa tano na nusu. Hakuna aliyewahi kuona umeme wa namna hiyo. Wanafunzi hawa wawili walikuwa na ushahidi juu ya vichwa vyao, darini, lakini hawakuinua macho.

Sasa tumtazame tena yule wa kwanza, kwa kuwa kosa lake lina funzo. Namba 0.05 aliyoipata haikuwa ya uongo. Alichokosea ni jina la kizio. Alipogawanya 1 kwa milisekunde 20 alipata mipembeo 0.05 kwa kila milisekunde 1, na hilo ni kweli kabisa. Mpembeo mmoja kwa milisekunde ni sawa na mipembeo 1,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 1. Kwa hiyo jibu lake ni 0.05 kHz, ambayo ndiyo 50 Hz. Laiti angaliandika "kwa ms" pembeni ya namba yake, angaliliona kosa mwenyewe.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la makala haya. Tunapopindua namba, kizio nacho hupinduka pamoja na kiambishi chake. Mili hugeuka kuwa kilo, mikro hugeuka kuwa mega, na nano hugeuka kuwa giga:

Jedwali la vizio vinavyolingana

Kipindi 1 s, marudio 1 Hz
Kipindi 1 ms (10⁻³ s), marudio 1 kHz (10³ Hz)
Kipindi 1 µs (10⁻⁶ s), marudio 1 MHz (10⁶ Hz)
Kipindi 1 ns (10⁻⁹ s), marudio 1 GHz (10⁹ Hz)

Kwa jedwali hili twaelewa pia kosa la mwanafunzi wa pili. Kabla ya kupindua, milisekunde hugawanywa kwa 1,000 ili ziwe sekunde. Baada ya kupindua, kilohezi huzidishwa kwa 1,000 ili ziwe hezi. Tendo lile lile kabla na baada ya kupindua huwa ni matendo mawili yanayopingana. Njia zote mbili ni halali kwa anayejua alipo katika hesabu. Lakini kwa anayejifunza, ushauri wetu ni mmoja: geuza kizio kwanza, ndipo upindue.

5. Saa ya mezani

Turudi sasa kwenye saa yangu. Umeme wa Marekani una marudio ya 60 Hz. Wa Tanzania, Kenya na Uganda una 50 Hz. Vipindi vyake ni hivi:

Marekani: T = 1 ÷ 60 Hz = 0.0167 s = 16.7 ms
Kwetu: T = 1 ÷ 50 Hz = 0.0200 s = 20.0 ms

Mota ya saa ile iliundwa ihesabu mawimbi 60 na kuyaita sekunde 1. Huku kwetu mawimbi 60 huchukua 60 × 0.02 s = 1.2 s. Basi kila "sekunde" ya saa hiyo ilikuwa sekunde 1.2 za kweli. Kwa njia nyingine: katika saa 1 ya kweli, yaani sekunde 3,600, hupita mawimbi 3,600 × 50 = 180,000. Mota inayagawanya kwa 60 na kupata sekunde 3,000, ambazo ni dakika 50. Saa ilichelewa dakika 10 katika kila saa, na baada ya saa 6 ilikuwa imechelewa saa 1 nzima, kama nilivyoiona mimi.

Transfoma haikuweza kunisaidia. Transfoma hubadili volti, haibadili marudio. Wimbi linaloingia kwa kipindi cha milisekunde 20 hutoka kwa kipindi cha milisekunde 20.

Saa iliyochelewa ni jambo la kuchekesha. Lakini jambo hilo hilo likitokea katika pampu au katika mashine ya maabara, halichekeshi tena. Mota ya kawaida ya mkondo geu iliyotengenezwa kwa 60 Hz, ikiunganishwa moja kwa moja na umeme wa 50 Hz, huzunguka kwa takriban sehemu tano za sita za mwendo wake. Tena, transfoma au mota ambayo chuma chake kilipimwa kwa 60 Hz, ikipewa volti zile zile kwa 50 Hz, yaweza kupata joto la kupita kiasi hata ikaungua. Ndiyo maana kibandiko kilicho mgongoni mwa chombo cha umeme huandikwa volti na Hz, vyote viwili. Vyombo vingi vya siku hizi, zikiwamo chaja za simu, huandikwa "50/60 Hz", maana yake vinakubali yote mawili. Mwanafunzi na ajizoeze kusoma kibandiko hicho mpaka mwisho. Mimi nilisoma nusu yake.

6. Vizio vikubwa: maji kujaa na kupwa

Wakazi wa pwani hawahitaji kufundishwa kwamba bahari ina kipindi chake. Mvuvi anajua maji yatajaa lini na yatakupwa lini, na anajua siku za bamvua na za maji mafu. Katika pwani yetu, muda wa kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni wastani wa saa 12 na dakika 25. Tutafute marudio yake.

Kabla ya hesabu, mitego ni miwili. Tuseme maji yamejaa saa 10 kamili alfajiri, na yakajaa tena saa 10 na dakika 25 jioni. Kwa kuwa saa zetu za Kiswahili huanza upya asubuhi na jioni, mwenye haraka atatoa 10:00 kutoka 10:25 na kupata dakika 25. Amesahau nusu siku iliyopita katikati. Mwingine ataandika muda huo kuwa saa 12.25, ilhali dakika 25 si robo ya saa. Njia salama ni kugeuza kila sehemu kuwa sekunde:

saa 12 × 3,600 = 43,200 s
dakika 25 × 60 = 1,500 s
T = 44,700 s
f = 1 ÷ 44,700 s = 0.0000224 Hz = 2.24 × 10⁻⁵ Hz

Namba hii ni ndogo mno, nayo ni sahihi, kwa sababu kipindi ni kirefu mno. Lakini haimwambii mvuvi chochote. Tukitaka iwe na maana kwake, tuizidishe kwa sekunde 86,400 za siku nzima: tunapata mara 1.93 kwa siku. Maji hujaa karibu mara mbili kwa siku, lakini si mara mbili kamili. Upungufu huo mdogo ndio unaofanya maji ya kesho yajae kwa kuchelewa dakika 50 hivi kuliko ya leo, jambo ambalo kila mvuvi analijua bila kalamu. Hezi ni kizio cha kimataifa, na mtihanini tukitumie; hata hivyo si kosa kusema "mara kwa siku" au "mara kwa dakika", mradi tuandike tulichosema. Daktari anayehesabu mapigo 72 ya moyo kwa dakika hakosei. Anakosea yule anayeandika 72 Hz. Moyo huo una 72 ÷ 60 = 1.2 Hz.

7. Tarakimu ngapi ziandikwe?

Ndani ya saa nyingi za mkononi mna kipande kidogo cha fuwele ya kwatsi kinachotetemeka kwa kipindi cha takriban mikrosekunde 30.5. Tukigeuza: 30.5 µs = 30.5 × 10⁻⁶ s = 0.0000305 s. Kikokotoo kitatuonyesha kwamba 1 ÷ 0.0000305 ni 32,786.885... Je, tuandike tarakimu zote hizo? Hapana. Kipindi tulipewa kwa tarakimu tatu, na jibu haliwezi kuwa na ujuzi zaidi ya kile kilichopimwa. Tunaandika 32,800 Hz, au 3.28 × 10⁴ Hz.

Marudio halisi ya fuwele hizo ni 32,768 Hz. Mwanafunzi anayependa hesabu atatambua kwamba 32,768 ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 15, yaani 2¹⁵. Saketi ya saa huyagawanya marudio hayo kwa mbili, mara 15 mfululizo, na kubakiwa na pigo 1 kwa sekunde. Aliyeandika 32,786.885 kwa kukiamini kikokotoo ameandika tarakimu nyingi, lakini tangu ile ya nne hazina ukweli.

8. Neno kwa walimu

Twapendekeza kwamba katika kila swali la aina hii mwanafunzi adaiwe hatua nne, na kila hatua ipewe alama yake. Kwanza, aandike kipindi pamoja na kizio chake kama alivyopewa. Pili, akigeuze kiwe sekunde, kwa mstari wake peke yake. Tatu, apindue, akiandika kizio ndani ya hesabu na si mwishoni tu. Nne, ajiulize: je, kitu hiki kingetetemeka hivi kweli?

Hatua ya nne ndiyo inayoachwa mara nyingi. Ili mwanafunzi aweze kuitimiza, awe na vigezo vichache kichwani: uzi wa mita 1, nusu hezi, moyo, zaidi kidogo ya hezi 1, umeme wa nyumbani, 50 Hz, sauti zinazosikika kwa sikio zuri la binadamu, kutoka 20 Hz hadi 20,000 Hz, redio ya FM, karibu 100 MHz. Jibu lolote na liwekwe kando ya vigezo hivi, nalo litajieleza lenyewe.

9. Mazoezi

(a) Moyo wa mwanafunzi umepiga mara 75 katika dakika 1. Tafuta f na T.
(b) Mipembeo 30 ya pendulamu imechukua muda ulioandikwa 1:15 kwenye saa ya simu. Tafuta T na f.
(c) Katika osiloskopu, mraba mmoja ni 0.2 ms, na wimbi moja limechukua miraba 5. Tafuta f.
(d) Mabawa ya mbu fulani yana kipindi cha 2 ms. Tafuta f. Je, sauti yake itasikika?
(e) Kituo cha redio kinatangaza kwa 100 MHz. Tafuta T kwa nanosekunde.
(f) Saa ya mota iliyoundwa kwa 50 Hz imepelekwa Marekani na kupewa volti zinazoifaa. Baada ya saa 5 za kweli, itakuwa imesogea kwa saa ngapi?

Majibu: (a) 1.25 Hz, 0.8 s. (b) 2.5 s, 0.4 Hz. (c) 1,000 Hz, yaani 1 kHz. (d) 500 Hz, ndiyo, itasikika. (e) 10 ns. (f) Saa 6. Itawahi kwa saa 1.

Hitimisho

Tumeona kwamba kanuni f = 1 ÷ T haina ugumu. Ugumu uko katika kile kinachoingizwa ndani yake. Kizio si pambo la kuwekwa mwishoni ili kumridhisha msahihishaji. Ni sehemu ya namba, na namba inapopinduliwa kizio nacho hupinduka. Anayegeuza kizio kwanza na kupindua baadaye, kisha akalipima jibu lake kwa vitu anavyovijua, hatahitaji kuambiwa na mwalimu kwamba amekosea. Ile saa ya mezani bado ninayo. Siku ya kwanza ya somo hili huichomeka darasani kupitia transfoma yake, nikaitega sawa na saa ya ukutani, na kufundisha. Baada ya saa moja huwauliza wanafunzi ni ipi kati ya saa hizo mbili iliyo mbovu.